Kabla hujanunua zile diski za Karmann Ghia

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba umempata mtu wa kukuuzia breki za diski za Karmann Ghia ili uzifunge kwenye Beetle yako ya mwaka 1967. Magari hayo yote mawili ni ya Volkswagen, ndugu wa tumbo moja, na sehemu zao za mbele huingiliana vizuri. Hata hivyo, nakusihi usilipe kabla ya kuusoma waraka huu hadi mwisho.

Kwanza, usikubali kuuziwa diski na kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) peke yake. Kalipa hufungwa kwenye masikio yaliyo katika kile chuma kinachobeba gurudumu na kugeuka na usukani, na chuma chako cha breki za ngoma hakina masikio hayo. Chukua vyuma vyote viwili, kushoto na kulia, pamoja na beringi na vifuniko vyake. Boljointi zako (viungo vya duara vinavyoshika chuma hicho) zitavipokea bila ugomvi, maana Beetle iliacha kingipini, yaani pini za zamani za kugeuzia magurudumu, tangu magari ya 1966. Ingekuwa ya mwaka mmoja nyuma, ningekushauri utafute ekseli nzima ya mbele. Ile Beetle ya aina ya 1302 uliyoitaja iache ilivyo, kwani mbele yake inabebwa na shokapu zilizosimama ndani ya springi, na hakuna utakachohamisha.

Pili, hesabu matundu. Ngoma zako zina bolti tano katika duara la milimita 205, ilhali diski za Ghia nyingi zilizobaki ni za bolti nne katika duara la milimita 130. Ukizifunga hivyo, utatembea na rimu za aina mbili, na tairi la akiba litafaa upande mmoja tu, mbele au nyuma.

Linalonikera zaidi ni mastasilinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali), kwa sababu mimi mwenyewe liliniumbua. Nilipobadilisha breki zangu niliiacha ile ya zamani, nikijisifu kwamba nimeokoa fedha. Gari lilisimama vizuri ajabu mwanzoni, lakini baada ya mwendo mfupi likaanza kuwa zito kama linavuta mkokoteni, na harufu ya pedi zinazoungua ikajaa ndani. Nilipolegeza nati ya kutolea upepo kwenye kalipa, mafuta yaliruka kwa nguvu na gurudumu likaachia papo hapo. Ndipo nilipoelewa kwamba mastasilinda ya breki za ngoma ina vali inayobakiza shinikizo kidogo katika mabomba hata ukiondoa mguu, jambo linalofaa ngoma, zenye springi za kurudisha viatu vyake (vipande vinavyosugua ngoma kwa ndani), lakini diski haina springi ya namna hiyo, hivyo pedi huendelea kuibana. Tafuta mastasilinda iliyotengenezwa kwa ajili ya diski mbele na ngoma nyuma.

Upande wa kushoto uwe mwangalifu. Nati ya beringi hapo hufunguka kwa kuzungushwa kinyume na ulivyozoea, na waya wa spidomita hupita katikati ya chuma chenyewe hadi kwenye kifuniko cha grisi chenye tundu la mraba. Ukipewa kifuniko kisicho na tundu, mshale wa spidomita hautanyanyuka. Nati hiyo usiikaze kwa nguvu: izungushe mpaka washa iliyo nyuma yake iwe bado inasogea ukiisukuma kwa bisibisi.

Boljointi ya juu ina bushi ya kurekebishia mlalo wa gurudumu, yenye alama ya mkato. Anza na mkato ukitazama mbele, kisha lipeleke gari likapimwe magurudumu.

Nenda basi kwa huyo muuzaji, uhesabu matundu ya diski na ukitazame kifuniko cha kushoto, halafu uniandikie ulichokikuta.

Wako,
Salim