Tunase pakiti pande zote mbili kabla ya kuzima usimbaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye ofisi za hapa Tanga ambazo mifumo yake imeunganishwa na makao makuu Dar es Salaam kwa VPN ya IPsec, yaani njia ya faragha inayosimba (kuficha kwa msimbo) data inayopita kwenye intaneti, kati ya fayawoli mbili, vifaa vinavyolinda mtandao wa kila ofisi. Njia hiyo inapogoma, amri ninayoisikia mara kwa mara ni kuzima usimbaji ili mafundi waone kilichomo. Amri hiyo ni ya hatari na aghalabu haina haja. Pakiti, yaani fungu dogo la data, ikishasimbwa ni kama kifurushi cha basi kilichoshonwa: maudhui yake hayasomeki, lakini juu yake ipo namba ya utambulisho iitwayo SPI, pamoja na namba ya mfuatano inayoongezeka kila pakiti inapotoka; kwa namba hizo fundi hulinganisha zilizotoka na zilizofika.

Katika ofisi moja ya uwakala wa forodha nilikoitwa, barua pepe fupi zilipita bila shida, ila nyaraka za mizigo zilizoskaniwa zilikwama kila siku. Kwa wiki mbili mtoa huduma wa intaneti na mafundi wa makao makuu walitupiana lawama, huku wateja wakingojea mizigo yao. Hatimaye tulisawazisha saa za fayawoli zote mbili, tukanasa pakiti, yaani kurekodi nakala zake, upande wa nje wa kila moja kwa wakati mmoja. Mara ya kwanza tulikosea, kwa kuwa chujio letu la kuchagua pakiti za kurekodi lilitaja mlango (port) wa UDP 4500 peke yake, namba iliyotumiwa na VPN hiyo. Pakiti iliyojaa baiti 1,500, ikishavishwa vichwa vya IPsec, yaani maelezo ya ziada ya usimbaji, huzidi ukubwa wa juu wa pakiti unaobebwa na laini na kukatwa vipande viwili, na kipande cha pili hakibebi namba ya mlango. Chujio likawa linakificha kile kile tulichokitafuta. Tulipochuja kwa anwani za fayawoli hizo mbili tu, tuliona vipande vyote viwili vikiondoka Tanga, na Dar es Salaam kikifika cha kwanza peke yake. Kifaa fulani katikati ya njia kilikuwa kikivitupa vipande visivyo na namba ya mlango. Tulishusha kipimo cha TCP MSS, yaani kikomo cha data inayotiwa katika kila pakiti, hadi baiti 1,350, pakiti zikaacha kukatwa, na nyaraka zikapita siku hiyo hiyo, pasipo kufungua hata herufi moja ya mteja.

Niongeze kwamba baadhi ya fayawoli hukabidhi usimbaji kwa chipu maalumu, na hapo unasaji wa ndani ya fayawoli yenyewe huweza kuzikosa pakiti. Ni afadhali kunasia kwenye swichi ya mtandao (kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao) iliyo jirani.

Anayenasa upande wa ndani, kabla pakiti hazijasimbwa, anashika taarifa za watu zikiwa wazi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu moja kwa moja. Faili za namna hiyo zisisambazwe kwa simu, na zifutwe kazi ikiisha.

Nawaomba wenye ofisi waweke katika mikataba yao sharti kwamba lalamiko lolote la VPN liambatane na faili zilizonaswa pande zote mbili, na kwamba fundi yeyote asizime usimbaji bila idhini ya maandishi.

Fundi wa mitandao,
Chumbageni, Tanga