Élisabethville ibaki Élisabethville

Bandugu, jambo. Kesho saa tatu tunaendelea kuhamisha rekodi za vitabu za katalogi ya maktaba. Kopi kwenye flashi kwanza, tafadhali.

Kuna mtu amegeuza "Élisabethville" kuwa "Lubumbashi" kwenye vitabu vya miaka ya 1950. Jamani! Mahali pa uchapishaji tunapaandika kama ukurasa wa jina unavyosema. Mji ulibadilishwa jina 1966, kitabu hakikubadilika. Naomba aliyefanya arudishe, simtafuti.

Data za uchapishaji (mahali, mchapishaji, mwaka) kutoka uwanja wa 210 wa rekodi kwenda uwanja wa 214, programu itahamisha yenyewe. Ila mkiona "É" imegeuka alama za ajabu kama "É", msisahihishe moja moja kwa mkono. Tumeni namba ya rekodi hapa, tutarekebisha zote pamoja.

Na fishi za karatasi (kadi za zamani za katalogi) zisitoke kwenye droo. Juzi umeme ulipokatika, tulitafutia wapi?