Jina langu halimo katika nyumba ninayoitengeneza

Mama mshauri,

Nakusalimu kwa heshima. Usiku wa jana sikupata usingizi, na kabla watoto hawajaamka nimeona afadhali nikueleze wewe kuliko majirani, maana umezoea kusoma mambo ya ndoa zetu za hapa Lubumbashi na huhitaji kuambiwa kaka mkubwa wa mume ana uzito gani katika nyumba ya mdogo wake.

Nyumba tuliyonunua Katuba ni ya zamani, ya wakati wa Wabelgiji, ya matofali ya kuchoma, na ndiyo ya kwanza kuwa yetu baada ya miaka mingi ya kupanga. Hatukuwa na uwezo wa kuitengeneza yote kwa mara moja, kwa hiyo tulikubaliana kwenda chumba kwa chumba kadiri fedha zitakavyopatikana. Mume wangu alimkabidhi kaka yake kazi ya kuwasimamia mafundi, kwa sababu yeye mwenyewe hushinda kazini. Sikupinga. Ninalisema hilo mapema ili usidhani kwamba nilimchukia shemeji tangu mwanzo; nimempikia, nimemfulia, na watoto wake walipofukuzwa shule kwa kukosa karo, mimi ndiye niliyetoa.

Kinachoniuma ni siku ya paa. Paa la zamani lilikuwa la zile shuka za kijivu za simenti iliyochanganywa na amianti, yaani asbesto. Mimi ni muuguzi, na ninajua kwamba shuka hizo zikiwa nzima hazina hatari kubwa, lakini zikikatwa kwa msumeno au zikipondwa hutoa nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho, ambazo mtu akizivuta hukaa katika mapafu, na ugonjwa wake huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au hata zaidi. Niliomba mambo mepesi tu: zilowanishwe maji kwanza, misumari ing'olewe polepole, zishushwe nzima moja moja, na watoto wapelekwe kwa jirani. Shemeji akawaamuru vijana wazivunje kwa nyundo huko huko juu ili kazi iishe kabla ya jua kuzama. Vumbi lilitua juu ya nepi za mtoto zilizokuwa kambani, likatua juu ya sufuria ya bukari, ugali wetu. Nilipotoka kusema, alinijibu mbele ya mafundi wote kwamba kazi ya mwanamke ni kufagia vumbi, si kuliogopa. Mume wangu alikuwa amesimama pale pale, ameshika ngazi. Alinyamaza.

Vipande vyenyewe walivitandaza kwenye njia ya kuingilia lupango, yaani uani kwetu, ili tusikanyage matope. Nilivimwagia maji, nikajifunga kitambaa puani, nikaviokota mwenyewe na kuvifungia katika mifuko. Hakuna aliyenisaidia.

Baada ya hapo ikaja sebule. Kuta zake zilikuwa zinavuta unyevu kutoka chini, na kila plasta ilipochubuka ulionekana unga mweupe wa chumvi. Fundi mzee, mtu mwenye adabu, alitueleza kwamba matofali yale yalijengwa kwa udongo na si kwa simenti, na kwamba tukipiga plasta ngumu bila kwanza kuondoa maji yanayosimama kwenye msingi, unyevu utapanda tu juu zaidi. Nilimuunga mkono. Shemeji akasema sebule ndiyo inayoonwa na wageni, plasta ipigwe na rangi ipakwe. Mvua zilipokwisha rangi ilikuwa imevimba na kubanduka mpaka usawa wa dirisha, na nikaambiwa kwamba ni mimi ninayedeki kwa maji mengi. Hapo pia mume wangu alikuwepo, na hapo pia alinyamaza, kama alivyonyamaza siku ya paa.

Vyumba vya kulala sina la kusema, vimekwenda vizuri.

Sasa wiki hii nimesikia mezani, wakizungumza kana kwamba sipo, kwamba faili la kubadilisha cheti cha usajili wa kiwanja liko tayari na kwamba majina yatakayoandikwa ni mawili: la mume wangu na la kaka yake, kwa kuwa kaka ametoka jasho. Mimi je? Sehemu kubwa ya simenti, mabati mapya na triplekisi (mbao nyembamba) za dari imetoka katika mshahara wangu na katika likelemba yangu, ule mchezo wetu wa kuchangiana fedha kwa zamu. Tulifunga ndoa mbele ya Serikali na tukachagua kwamba tutakachokichuma katika ndoa kiwe mali yetu sote wawili. Najua pia kwamba kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi ni ya Serikali, na kwamba cheti hicho ndicho kinachothibitisha haki ya mtu juu ya kiwanja chake. Sitafuti utajiri, Mama, wala sitaki kumfukuza mtu. Nauliza tu kama ni haki nidai jina langu liandikwe kabla sijatoa fedha nyingine, au kama kufanya hivyo ni kumwambia mume wangu kwamba simwamini.

Fedha zenyewe ni za jikoni, chumba cha mwisho. Zamu yangu ya likelemba inafika mwisho wa mwezi huu na mvua ziko karibu. Nikizizuia, ni mimi nitakayeendelea kupika katika moshi wa makaa chini ya bati linalovuja. Nikizitoa, nitakuwa nimemaliza kuijenga nyumba ya wanaume wawili. Mara nyingine najiambia kwamba jikoni silitaki tena. Halafu naingia pale asubuhi, naanza kupima kwa macho mahali pa kuweka meza na dirisha.

Sitaki mume wangu agombane na kaka yake, kwa maana ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufa, na hilo ninaliheshimu. Lakini nataka aseme neno moja kwa ajili yangu, tena mbele ya mafundi wale wale waliosikia nikitukanwa. Sijui kama mambo hayo mawili yanawezekana pamoja. Niongee naye peke yake usiku, au niwaite wakubwa wa familia kabla faili halijapelekwa? Tafadhali usinijibu kwamba nivumilie. Hilo mama mkwe amekwisha kuniambia.

Mama wa Katuba,
Lubumbashi