Kabla hujamfungulia mlango mwenye lori

Mwanangu,

Nimesikia kwa dada yako, si kwako, kwamba umepatana na mtu aje Jumamosi na lori anunue na kubeba vitu vyote vya marehemu bibi yako kwa mkupuo. Mwambie asubiri. Likizo yako ni fupi, najua, na kazi ikianza unataka iishe. Kwa tabia hiyo hiyo umefika mbali na sisi tunajivunia. Lakini anayenunua vitu vya nyumba nzima kwa bei moja anakulipa kwa makabati unayoyaona. Faida yake imo kwenye droo ambazo hukuzifungua.

Usitupe kitu, na usisafishe kitu. Hili la pili linanitia hofu zaidi, maana wewe una mkono wa kusugua. Sarafu ikishasuguliwa thamani imeondoka: mkusanyaji anaona mikwaruzo kwa lenzi na kushusha bei papo hapo. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Vikombe vyenye ukingo wa dhahabu visikaribie mashine ya kuoshea vyombo, hiyo rangi hubanduka.

Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, sumaku ndogo na mizani ya gramu. Vijiko na uma vigeuze usome mgongoni mwa mpini. 925 maana yake sehemu 925 katika 1,000 ni madini ya fedha. 800 nayo ni fedha, ya kiwango cha chini. Herufi EPNS maana yake ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, iliyopakwa fedha juu juu. Hiyo inauzwa kama chombo tu, si kwa uzito. Sumaku ikinasa, si fedha. Isiponasa bado hujathibitisha lolote, kwa sababu shaba pia hainasi. Visu usivipime pamoja na mipini, kwani mpini wa fedha aghalabu ni ganda jembamba lililojazwa lami au kitu kizito kingine, na ubapa ni chuma. Kwenye mikufu iliyokatika tafuta alama za dhahabu: 375, 585 au 750. Hereni iliyopotelewa na mwenzake usiitupe, dhahabu inapimwa hata ikiwa moja.

Kikombe cha kauri kilaze kiganjani, ukigonge ukingoni kwa kucha. Kikilia kama kengele ni kizima; kikitoa sauti iliyokufa huenda kina ufa, hata kama macho hayauoni. Kisha pitisha ncha ya kidole ukingoni pote, kidole kinagundua pengo dogo kuliko jicho. Chini yake piga picha chapa. Iliyoandikwa "Made in Occupied Japan" ni ya kati ya 1945 na 1952. Usiku zima taa, umulike glasi za kijani na za manjano kwa ile tochi ya kukagulia noti: ikiwaka kijani kikali ina urani, na wapo wanaozikusanya hizo. Tochi hiyo hiyo mara nyingi hufichua palipogundishwa.

Cherehani nyeusi ya Singer usiitegemee sana. Zilitengenezwa kwa mamilioni, na namba iliyogongwa kwenye mwili wake itakuambia mwaka. Ikiwa ni ile ndogo nyepesi, modeli 221, hapo nipigie simu kabla hujaitaja kwa mtu. Makabati mazito ya mbao nyeusi nayo wengi hawayataki siku hizi, hayaingii kwenye nyumba zao. Hata hivyo vuta droo uangalie pembeni: meno ya mbao yaliyofumana, yasiyolingana upana, ni kazi ya mkono. Redio ya vali, ile ya kale yenye taa za kioo ndani, usiichomeke ukutani kuijaribu. Kapasita, vile vifaa vya kutunza umeme ndani yake, zikilala miaka mingi huweza kupiga shoti, ukachoma kitu ambacho fundi angekinunua vile vile kilivyo.

Vitabu usivivue majaladi ya karatasi, mara nyingine jaladi ndilo lenye bei. Vitikise kimoja kimoja, na mifuko ya makoti uipekue mpaka kwenye bitana. Santuri zisimame wima, zikilazwa kwa rundo hupinda. Ukikuta pembe ya ndovu, hata kishikizo kidogo, iweke kando. Biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu 1990, na ndani ya nchi sheria hutofautiana. Uliza kwanza.

Bei usiisome kwenye matangazo. Kila mtu anaweza kuandika anachotamani. Tafuta orodha ya vilivyokwisha kuuzwa. Na yule wa lori, narudia, asiingie hata "kuangalia tu". Macho yake yana uzoefu kuliko yako.

Kabla hujahamisha kijiko, piga picha kila chumba uwatumie shangazi zako na baba yako mdogo. Mali bado ni ya warithi wote, na wewe huwa unasahau kuuliza kwa kuwa una haraka. Mwisho akipewa mmoja sahani mbili zaidi tutalisikia mpaka tuzeeke.

Dawa za bibi zilizobaki zipeleke famasi, usizimwage chooni. Funga koki kuu ya maji ukitoka, bomba la jikoni linavuja. Funguo za ghalani ziko kwa dada yako, na mashuka mazuri mama yako ameyaomba, usiyapakie.

Baba yako