Mchango wa chakula shuleni ukusanywe wakati wa mavuno

Mhariri,

Ada imefutwa katika shule za msingi za serikali hapa Tanzania, lakini chakula cha mchana katika shule za kutwa bado ni mzigo wa wazazi. Sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa kuandika andalio la somo. Sufuria ya makande hatufundishwi kuipigia hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtoto akipata gramu 150 za mahindi na 50 za maharage kwa siku, kwa siku 194 za masomo anahitaji takriban kilo 29 za mahindi na 10 za maharage. Tatizo ni kwamba shule nyingi hudai mchango Januari, tena kwa fedha taslimu, wakati ghala la mkulima limebaki tupu na bei ya debe imepanda. Mwezi Julai mzazi huyohuyo angeleta mahindi bila kusukumwa.

Ila yapokelewe yakiwa makavu. Tia konzi moja kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikigandia kioo, mahindi yaanikwe tena, la sivyo yataota ukungu na kuleta sumukuvu.

Halafu, jamani, orodha ya wasiochangia isisomwe mstarini. Anayetajwa leo mbele ya wenzake, kesho mara nyingi haji. Majina yabaki kwa kamati ya shule, inayowajua wazazi.

Mwanachuo wa ualimu,
Iringa