Barua kwa mdogo wangu wa Majengo, Moshi: lile boksi la chini ya kitanda

Mdogo wangu,

Kaunta buku mpya usinunue kwanza. Shughulikia lile boksi la hadithi, tenzi na nyimbo ulizoziacha nusu. Ukishika karatasi yoyote iliyomo, haikwambii kazi iliishia wapi. Inabidi usome zote upya, na ukimaliza kusoma hamu ya kuandika imeshaisha.

Anza na zinazoharibika haraka. Risiti za mashine zina dawa inayogeuka nyeusi kwa joto, kwa hiyo mistari uliyoandika upande wenye chapa inakili leo. Usizipeleke kwenye lamineshoni. Zitatoka nyeusi tii. Ng'oa pini za stepla, maana masika ya Machi hadi Mei huzishikisha kutu. Raba za kufungia nazo zikizeeka hunata kwenye karatasi. Funga kwa uzi wa pamba. Boksi liweke juu ya mbao, lisiguse ukuta, kwa sababu unyevu na mchwa hupitia hukohuko.

Kila daftari lipe herufi, kurasa zipe namba kwa mkono, halafu gundisha karatasi ya faharasa ndani ya jalada. B47 ni daftari B, ukurasa wa 47. Usipange kwa mada. Ubeti uleule unaweza kufaa utenzi na wimbo, na ukishautia kwenye bahasha ya "mapenzi" hutauona tena. Mwanasosholojia Niklas Luhmann wa Ujerumani aliacha kadi za maandishi yake kama 90,000, na watu husifia wingi huo. Mimi nasifia namba zake: kila kadi ilikuwa na yake, hivyo kadi moja iliweza kukuelekeza kwenye nyingine. Wewe kadi zote hizo za nini?

Sasa viporo. Kila kazi ambayo haijaisha ivalishe karatasi moja ya juu: ni kitu gani, imekwama wapi, na hatua inayofuata, iwe ya nusu saa tu. "Malizia hadithi" si hatua. "Andika mama anavyobishana na konda kuhusu chenji" ni hatua. Hiyo iandike kabla hujanyanyuka, kichwa kikiwa bado cha moto. Kesho utakuwa unabahatisha.

Mezani ziwe kazi tatu. Ya nne ikitaka kuingia, moja irudi bokisini na karatasi yake ya juu. Utalalamika kwamba mawazo hayangoji zamu. Yaandike kwenye daftari, uyape namba, uendelee na ulichokuwa unafanya.

Sauti unazojirekodia kwenye simu zisikilize kila Jumapili, nakili mstari unaofaa, futa.

Kazi zilizokufa zinyofoe kilicho hai, jina la mhusika au kiitikio, ukiweke kwenye daftari moja la mabaki. Zinazobaki mpe mama awashie jiko. Ila geuza kila karatasi kwanza: namba za simu za wateja wako wa michoro umeziandika nyuma ya hizohizo.