Wimbo wa mjengo si kelele

Mhariri,

Wapangaji walio karibu na mjengo wetu hapa Kayole wanalalamika eti tunawapigia kelele siku ya kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa. Waje waone. Makarai ya zege hupanda mkono kwa mkono hadi juu. Mmoja anaanzisha wimbo, sisi tunaitikia, na pale pa kuitikia ndipo karai huinuliwa. Akinyamaza, mstari unavurugika, mtu anagongwa kifuani. Mabaharia walivuta tanga vivyo hivyo, na wapagazi wa Pwani waliitikia harambee kabla Mzee Jomo Kenyatta hajaipandisha jukwaani. Mashabiki wa kandanda wakiimba husifiwa (na hao hawabebi hata kokoto!). Tukianza kabla ya saa moja asubuhi, hapo tukemewe.

Kibarua wa mjengo,
Kayole, Nairobi